Ofisi Yangu Nyuma ya Pazia

Miaka iliyopita nilikuwa mwanachama wa chama hiki cha Kiswahili kama ninyi, na mlezi wa chama ameniomba niwaandikie somo kuhusu kazi yangu. Mimi ni mfasiri. Sina ofisi mjini wala sigombanii matatu asubuhi. Natafsiri nyaraka nikiwa nyumbani kwetu Nakuru, na baadhi ya wateja wangu wako London na New York. Leo nitawaeleza namna ya kutengeneza ofisi nyumbani. Msiseme somo hili haliwahusu. Anayesoma nyumbani wakati wa likizo hukumbana na shida zizo hizo.

Kazi ya namna hii si jambo la jana. Mwaka 1973, huko Marekani, Jack Nilles alibuni neno la Kiingereza la kuitaja, wakati ambapo hata kompyuta za nyumbani hazikuwapo. Kwetu Kenya mlango ulifunguka mwaka 2009, nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari zilipofika Mombasa. Kisha corona ikaja mwaka 2020, na wengi waliozoea ofisi wakajikuta wanafanyia kazi sebuleni.

Mimi nilianza mwaka 2022. Nyumba yetu ina vyumba viwili, nasi tulikuwa watatu: mama, mdogo wangu aliyekuwa kidato cha kwanza katika shule ya kutwa, na mimi. Nilitia meza ndogo sebuleni, nikafungua kipakatalishi, nikajiona nimefika. Lo! Kumbe mtu akishinda nyumbani, watu humwona hana kazi.

"Wee, si umekaa tu hapo? Hebu peleka haya mahindi kinuni."

Nikaenda. Jirani naye akaniletea mtoto, "mara moja tu, nakimbia sokoni." Nikampokea. Wageni wa mama wakija, ni mimi wa kupika chai. Sikujua kukataa, na kusema kweli niliona haya kumwambia mama kwamba kubofyabofya kule kulikuwa kazi.

Siku moja ya Ijumaa nilitakiwa kumaliza hati ya kurasa 20 kabla ya saa kumi na mbili jioni. Saa hiyo ilinikuta ukurasa wa 12. Niliituma saa tano usiku, macho mekundu kama ngeu. Jumatatu mteja aliniandikia mistari miwili tu: amepata mfasiri mwingine. Pesa za mteja yule ndizo nilizokuwa nimezitenga kwa karo. Mdogo wangu alirudishwa nyumbani, akakaa siku tisa. Kila nikiinua macho, namwona ameketi mkekani na sare yake, ananitazama.

Mama aliponiuliza, ndipo nilipomweleza yote. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kumbe hiyo ndiyo ilikuwa karo? Na mbona hukusema?" Sikuwa na be wala te. Kosa halikuwa lake. Nilikuwa nimeweka meza, sikuwa nimeweka ofisi. Basi shikeni somo nililolinunua ghali.

1. Anza na mapatano

Kabla ya kununua kiti, keti na watu wa nyumbani. Waeleze kazi ni ipi, inalipa nini na huanza saa ngapi. Sisi tulipatana hivi: leso ya mama ikitundikwa kwenye pazia, niko kazini, na hakuna wa kuniita ila kwa dharura. Leso hutundikwa saa tatu hadi saa saba, tena saa nane hadi saa kumi na moja. Nami nikaahidi upande wangu: maji nateka alfajiri, na chakula cha jioni ni changu. Mapatano ya upande mmoja ni amri, na amri haidumu. Mwishowe mama mwenyewe ndiye aliyemwambia jirani, "Huyo yuko kazini. Huoni leso?"

2. Chagua mahali

Usifanyie kazi kitandani. Mgongo utakudai, na usingizi utakuibia saa. Pembe ndogo yatosha. Dirisha liwe ubavuni mwako. Likiwa nyuma, mwanga hupiga kioo cha kompyuta. Likiwa mbele, hukuumiza macho. Kioo kiwe umbali wa mkono ulionyooshwa, na ukingo wake wa juu ulingane na macho. Mimi nilikiinua kipakatalishi kwa kamusi mbili nzee, nikanunua kibodi ya pembeni. Nyayo zikanyage chini, magoti yakunjike kama pembe ya mraba. Kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho mbali kama mita sita kwa sekunde 20, macho yapumzike.

3. Weka akiba ya umeme na mtandao

Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulikatika usiku karibu nchi nzima. Hapo ndipo hesabu za darasani zilipoanza kunilipa. Kipakatalishi changu hula wati 50 na modemu wati 10, jumla wati 60. Nikitaka saa nne za kazi, nahitaji 60 mara 4, yaani wati-saa 240. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 50 hubeba 12 mara 50, sawa na wati-saa 600. Lakini betri za kawaida za asidi hazifai kukamuliwa zaidi ya nusu, kwa hiyo zinabaki 300, na kidogo hupotea njiani umeme unapogeuzwa. Betri hiyo moja basi yanitosha kwa saa nne hizo.

Mtandao nao huweza kukuacha njia panda. Jumapili, tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari zilipata hitilafu, na intaneti ya Afrika Mashariki ikaanza kutambaa kama konokono. Nilikuwa na laini mbili za kampuni tofauti na bando kwenye zote. Laini mbili hufaa mnara wa mtaani ukilala, lakini njia ya baharini ikikatika zinaweza kukwama zote. Kilichoniokoa ni kwamba kazi nzima ilikuwa tayari imo ndani ya mashine. Pakua kazi mapema, na umjulishe mteja mapema ukiona dalili mbaya. Mteja husamehe shida aliyoambiwa, hasamehi kimya.

4. Jua saa za wenzako

Hapa Waswahili tuwe macho zaidi. Mteja akikuandikia saa 9 asubuhi ya London, kwa saa yetu ya Kiswahili hiyo ni saa tatu ya kwao. Wakati wa baridi wao wako nyuma yetu kwa saa tatu, basi kwetu ni saa sita mchana. Kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba husogeza saa zao mbele, na kwetu inakuwa saa tano. Saa hiyo hiyo ya New York ni saa kumi na moja jioni kwetu wakati wa baridi, na saa kumi wakati wa kiangazi. Mimi nimeandika hesabu hii kwenye karatasi na kuibandika ukutani.

5. Funga ofisi

Hati za watu ni amana. Usiziache wazi kioni wageni wakiingia, na uweke neno la siri. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu mwaka 2019. Na saa ya kufunga ikifika, funga kweli. Shusha leso, ukae na wenzako. Ofisi isiyofungwa huimeza nyumba.

Wapenzi wasomaji, wateja wengine nilipata, na karo haikukosa tena. Mdogo wangu alipofika kidato cha nne, meza ile ilikuwa yake usiku. Nilikuwa nikishusha leso yangu jioni, na baada ya chakula yeye huitundika tena, akatoa vitabu. Hapo hata mama hakumwita.

Zoezi

(a) Andika mapatano ya masomo ya likizo kati yako na watu wa nyumbani. Taja wanachokupa na unachowapa.
(b) Redio ya wati 15 na taa ya wati 9 zitatumia wati-saa ngapi kwa saa tano?
(c) Mteja wa New York anataka kuzungumza nawe saa 11 asubuhi ya kwao mwezi wa Januari. Kwetu itakuwa saa ngapi kwa Kiswahili?

Kwaherini, na msisahau leso.