Yaya, tununue grupu ipi?

Wadogo zangu, mwezi huu mmeniandikia mambo ya umeme kuliko mambo ya waume, nami nashukuru kwa mapumziko. Nachukua barua moja tu, maana ndani yake wengi wenu mtajikuta.

Mama mmoja wa Kasenga, hapa Uvira, anasema mumewe ameonyeshwa jenereta mbili, grupu kwa lugha yetu, kule Kalundu. Moja ni ya kijani, ya jeshi, nzito kama dhambi, ya miaka ya 1980, dashibodi yake ni sindano tatu na swichi. Nyingine ni nyeupe, ya miaka ya karibuni, ina kioo kinachoandika volti na joto, na muuzaji anaapa kwamba ilitoka kambi ya kofia za buluu, askari wa Umoja wa Mataifa. Mume anataka nyeupe. Shemeji anashikilia kwamba vitu vya zamani ndivyo imara. Mama mwenyewe anachotaka ni samaki wake wa sangala wasiharibike ndani ya friza kila kampuni ya umeme, SNEL, inapokata. “Yaya, tununue grupu ipi?”

Mdogo wangu, kuna swali ambalo katika barua yako yote sioni kama mume au shemeji amekuuliza: nyumba yako inakula umeme kiasi gani?

Shika kalamu. Taa nane za LED za wati 9 hazifiki wati 75. Televisheni na dekoda yake, tuseme 120. Feni 50. Simu za nyumba nzima 30. Friza ikiwa inafanya kazi hula kama 150, ila ile dakika inapoanza huvuta mara tatu hadi tano ya hapo, na jenereta lazima ihimili mshtuko huo. Jumla yako haifiki wati 450. Pasi nimeiacha makusudi. Peke yake inakula zaidi ya hayo yote mara mbili, na nguo zinaweza kumngoja SNEL.

Sasa ile nyeupe umesema imeandikwa 20 kVA, yaani kama kilowati 16. Wewe huna hata nusu kilowati.

Injini ya ukubwa huo hata ikizunguka bure, haijawasha taa hata moja, huchoma lita moja na zaidi ya mazutu, yaani dizeli, kwa saa. Ukiibebesha nusu ya uwezo wake inachoma lita mbili na nusu hadi tatu. Mafuta yanaongezeka mara mbili hivi, umeme unaongezeka zaidi ya mara kumi na tano. Kwa hiyo wewe mwenye taa nane ndiye utakayelipa umeme wa ghali kuliko wote mtaani. Na mazutu yenyewe mnajua ilivyo huku. Burundi imehangaika na ukosefu wa mafuta kwa miaka kadhaa, wenzetu wa huko wamekuwa wakivuka mpaka pale Kavimvira na bidoni kuja kutafuta kwetu, na wakija wengi bei inapanda kwa wote.

Hasara ya pili haionekani mapema. Injini ya dizeli ikiendeshwa miezi bila mzigo haipati joto linalotakiwa. Mazutu haiungui yote. Masizi yenye mafuta yanajaa kwenye noseli, kwenye vali na kwenye bomba la moshi, na kuta za silinda zinalainika hadi ringi zinashindwa kushika. Hapo itaanza kula oili, kisha fundi ataanza kula mshahara wa mume. Mafundi wanapenda ibebeshwe angalau theluthi moja ya uwezo wake. Wewe utaibebesha sehemu ndogo ambayo hata kuitaja ni aibu.

Najua mume hatafurahi. Jenereta kubwa uani ina heshima yake, majirani wanasikia ngurumo na kujua nani yuko. Mwache kwanza na furaha yake, tuendelee na swali lenu kama lilivyo.

La zamani na jipya. Hapo mume na shemeji wote wawili wanahesabu miaka, na mashine huchakaa kwa saa. Mwaka mzima una saa 8,760. Kambi ya askari haizimi umeme usiku. Kwa kawaida jenereta mbili hupokezana, hii ikipumzika ile inafanya kazi. Basi jenereta ya miaka mitano iliyokaa kambini inaweza kuwa imefanya kazi saa elfu ishirini na zaidi, hata kama rangi yake inang’aa kama sahani ya harusi. Injini hizi ndogo zinazozunguka mara 1500 kwa dakika, zikitunzwa vizuri, huomba kufunguliwa na kufanyiwa matengenezo makubwa zikifika kati ya saa elfu kumi na tano na ishirini. Wakati huohuo kuna za zamani za jeshi zilizowekwa ghalani kama akiba, zikawashwa mara moja moja kwa ukaguzi, mpaka zikauzwa kama ziada. Hizo zina miaka arobaini ya kuzaliwa na mwili wa kijana. Kuna saa ndogo pale kwenye dashibodi inayohesabu kazi. Isome, halafu usiiamini peke yake, kwa sababu saa hubadilishwa. Angalia kama mpira, mikanda na nati zinaafikiana nayo. Nati zilizoliwa pembe zinasema injini imefunguliwa mara nyingi, saa iseme itakavyo.

Shemeji ana haki katika jambo moja. Ya kijani ina pampu ya mazutu ya kimakanika na gavana ya springi. Fundi anayetengeneza mashine za kusaga muhogo kule Sange au Luvungi ataifungua kwa spana na kuifunga tena kabla ya jua kuzama. Haina kadi wala kompyuta. Noseli zake hufunguka kwa shinikizo la ba 200 hivi, hivyo zinavumilia mazutu yetu ya bidoni yenye tone la maji na vumbi la njiani. Injini za kisasa kabisa, zile zinazosukuma mazutu kwa zaidi ya ba 1,000, hazina uvumilivu huo. Uchafu kidogo tu na noseli imekufa.

Mume naye hakukosea kila kitu. Ya kisasa inakunywa kidogo kuliko ya zamani yenye uwezo sawa, haipigi kelele sana, na oili ikishuka au joto likipanda inajizima yenyewe. Ya zamani, mara nyingi ulinzi wake umeshakufa au fundi fulani ameuruka kwa waya ili iwake, basi itazunguka bila oili mpaka ishike. Taabu ya nyeupe ni siku kadi inapoungua. Kadi hiyo hutaikuta soko la Mulongwe. Itatafutwa Bujumbura, au iagizwe mbali zaidi, na wiki zote hizo mashine nzima imekaa inakutazama.

Ila msichanganye kioo na injini. Nyingi za ukubwa huo, hata za karibuni, kompyuta iko kwenye dashibodi tu, na chini yake pampu ni ileile ya kimakanika. Mwite fundi, si muuzaji, afunue na kukuambia. Ikiwa ndivyo, hata kioo kikifa anaweza kukuwekea swichi na sindano za kawaida. Jenereta ya namna hiyo, yenye saa chini ya elfu kumi za kweli, mimi ningeichukua mbele ya ya kijani. Ikiwa pampu yenyewe inaendeshwa na kompyuta, mpe mume pole na mwende kwa ya kijani.

Lakini ya kijani nayo isomeni kibao chake kabla ya kutoa hata dola moja. Umeme wetu ni volti 220, Hz 50. Grupu nyingi za ziada za jeshi la Marekani zinazozunguka duniani, kama MEP-003A inayopozwa kwa upepo na mrithi wake MEP-803A ya kilowati 10 inayopozwa kwa maji, ni za Hz 60 na huzunguka 1800 kwa dakika. Mota ya friza yako itakimbia moja ya tano zaidi ya ilivyoundwa, na itapata moto. Kuishusha injini mpaka 1500 kunawezekana, lakini nguvu nayo inashuka na volti lazima zirekebishwe. Si kazi ya kijana wa kubahatisha. Zipo hata za jeshi za Hz 400, zilizoundwa kwa rada na vyombo vya ndege. Hiyo ukiiunganisha nyumbani utafanya mazishi ya kila kitu chenye mota. Angalia pia fezi. Ikiwa tatu na wewe una waya wa fezi moja, utatumia kipande tu cha mashine uliyoilipia yote. Na nyingi za jeshi huwashwa kwa volti 24, yaani betri mbili badala ya moja. Muuzaji huwa hazitaji.

Karatasi. MONUSCO, misheni ya kofia za buluu, ilikabidhi kambi ya Kamanyola Februari 2024, na mwisho wa Juni mwaka huo ikafunga kazi zake Kivu Kusini. Tangu hapo kila kitu cheupe chenye magurudumu kinaitwa cha MONUSCO. Jueni utaratibu: vifaa alivyokuja navyo mwanajeshi wa nchi fulani ni vya nchi yake, na vile vya Umoja wa Mataifa wenyewe huhamishiwa misheni nyingine, hupewa serikali, au huuzwa kwa zabuni yenye hati. Kwa hiyo jenereta halali ina hati yenye namba ileile iliyogongwa kwenye kibao chake. Isiyo na hati, kumbuka kwamba Julai 2022 kambi za MONUSCO ziliporwa huko Goma. Hujui ilipita mlango gani. Na ya askari wetu wenyewe, anayekunong’oneza usiku kwamba ana mashine ya kikosi, msikimbilie bei nafuu. Kesi ya mali ya jeshi inaweza kukufikisha kwa oditora ya kijeshi, yaani waendesha mashtaka wa jeshi, na huko friza ya sangala si utetezi.

Siku ya kwenda kuijaribu, fikeni bila kupiga simu kwanza. Weka kiganja kwenye injini: ikiwa ya moto, muuzaji ameshaiamsha kwa siri, basi ngojeni ipoe. Injini nzima huwaka ikiwa baridi. Moshi wa buluu ni oili inaungua. Mweupe usiokoma ni mazutu isiyoungua au maji. Fungua kifuniko cha oili. Ukiona rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na mji wetu una mashine nyingi zilizooga. Aprili 2020 mto Mulongwe ulipoua watu na kubomoa nyumba, na miaka hii ziwa lilipopanda, vitu vingi vilikaa chini ya maji kisha vikapakwa rangi. Halafu ingiza kidole ndani ya bomba la moshi, ikiwa imezimwa na imepoa. Masizi makavu ni sawa. Ukitoa kidole chenye uteute mweusi, mwenye nayo alikuwa na taa nane kama wewe.

Mkiifikisha nyumbani, iwe nje, juu ya zege lililoinuka, mbali na dirisha la watoto. Moshi wake unaua watu wakiwa usingizini bila kuwaamsha. Na msiichomeke kwenye soketi ili ipeleke umeme nyumba nzima. Wekeni swichi ya kubadilisha, upande huu SNEL, upande ule grupu. Bila hiyo umeme wako unarudi kwenye waya za mtaa na kumkuta fundi wa SNEL juu ya nguzo akiamini hakuna kitu.

Nitoke nje ya swali kidogo. Umeme ukikatika Uvira, pampu za REGIDESO, kampuni ya maji, nazo husimama. Watafiti waliofuatilia mji wetu kuanzia 2009 hadi 2014 waliona kwamba baada ya siku isiyo na maji ya bomba, walioshukiwa kuwa na kipindupindu waliongezeka zaidi ya mara mbili katika siku 12 zilizofuata. Jenereta ya nyumbani haileti maji hayo. Kama pesa ni ya kuchagua, mapipa yenye vifuniko yatangulie.

Sasa hukumu yangu, mama wa Kasenga. Kwa nyumba yako peke yako, sichagui hata moja kati ya hizo. Paneli za jua, betri na inveta vinabeba taa, televisheni na simu bila bidoni, na friza ndogo iliyojaa, isiyofunguliwa ovyo, inahifadhi baridi saa nyingi. Ukitaka injini, tafuta ndogo ya kilowati mbili au tatu.

Lakini umeandika, kwa mstari mmoja tu, kwamba jirani ana saluni na nyumba ya tatu wanauza samaki wa friza tatu. Mbona hilo uliliweka mwisho? Friza nne, mashine za kukausha nywele, nyumba tatu: hapo mzigo unafika kilowati nne, tano, sita, na grupu kama ya kijani, ikiwa kibao chake kinasema kilowati 10, itakuwa kazini kweli. Kaeni chini kabla ya kununua. Kila nyumba iwe na mita yake ndogo, mazutu ilipwe kwa kilowati-saa zilizosomwa na si kwa kukadiria, ya oili na filta ikusanywe kila mwezi hata kama haijaharibika. Mwandike pia nani ana ufunguo na inazimwa saa ngapi. Waya upite ukutani au chini ndani ya bomba, usivuke njia juu ya vichwa vya watoto. Na mwenye saluni alipe zaidi, hata akinuna, maana mashine zake za nywele ndizo zitakazoiangusha injini saa moja jioni kama zikiwashwa zote mara moja.