Tafsida Mbele ya Daktari: Kiswahili cha Kuondoa Vinundu vya Ngozi ya Uume

Mwanafunzi wa Kiswahili nchini Kenya hukutana na sajili ya hospitali angali katika shule ya upili. Hufunzwa kuzitaja sifa zake: msamiati maalumu, maswali na majibu, kuchanganya ndimi, lugha ya kushawishi na kufariji. Katika somo jingine hufunzwa kwamba tafsida ni pambo la adabu. Ni nadra masomo hayo mawili kukutanishwa na kuulizwa swali hili: je, tafsida hufanya kazi gani pale ambapo mgonjwa anahitaji kutaja hasa kile ambacho adabu imemfunza kukificha? Makala haya yanadhamiria kulijadili swali hilo kwa kutumia mfano mmoja, nao ni vinundu na vidonda vinavyoota kwenye ngozi ya uume na namna vinavyoondolewa kitabibu. Msomaji asione haya, waganga hawaoni.

Tuanze na majina. Neno uume limeundwa kutokana na mzizi -ume na kiambishi u- cha dhana dhahania. Maana yake ya msingi ni ile hali ya kuwa mwanamume. Dhakari nalo lina asili ya Kiarabu, na huko pia mzizi wake unahusu jinsia ya kiume. Waama, hata maneno tunayoyaona kuwa ya kitaalamu ni tafsida kongwe zilizozoeleka. Utupu na uchi hutaja hali ya kukosa nguo badala ya kiungo. Sehemu za siri hutaja wajibu wa kuficha. Hilo la mwisho ndilo pana mno, kwani hujumuisha kinena, mfuko wa korodani, uume na hata njia ya haja kubwa. Ilhali Kiswahili kina maneno ya kuainisha bila kutukana: kichwa cha uume, shina la uume, govi, kinena.

Tazama mazungumzo haya, ambayo nimeyabuni kwa ajili ya uchambuzi:

Daktari: Karibu, mzee. Una tatizo gani?
Mgonjwa: Ni huku chini, daktari. Kuna vitu vimetoka.
Daktari: Vimetoka lini?
Mgonjwa: Kitambo kidogo.

Hakuna uongo hapa, lakini hakuna habari pia. Huku chini ni kielekezi kisicho na mahali. Vitu ni nomino ya ngeli ya KI-VI inayoweza kubeba chochote. Kitenzi vimetoka ndicho hatari zaidi, kwa kuwa kutoka ni kuchomoza na pia ni kuondoka. Je, vinundu vimeota au vimekwisha? Jambo hili si mchezo wa wanaisimu. Kidonda cha kwanza cha kaswende aghalabu huwa kimoja, hakiumi, na hufunga chenyewe baada ya wiki tatu hadi sita hata bila dawa, huku ugonjwa ukiendelea mwilini. Anayesema kimetoka, akimaanisha kimeondoka, anaweza kurudi nyumbani akidhani amepona.

Aidha, si kila kinachoota huondolewa, na tofauti hizo hutegemea maelezo. Vipele vidogo sana, laini, vilivyojipanga kama shanga kuzunguka ukingo wa kichwa cha uume, ni umbile la kawaida kwa wanaume wengi. Haviambukizi wala havihitaji tiba. Chunjua, kwa upande mwingine, huletwa na virusi vya HPV. Aina ya 6 na ya 11 ndizo husababisha takriban asilimia 90 ya machunjua ya sehemu hizo. Huweza kuota wiki au miezi mingi baada ya maambukizi, hivyo kuota kwake leo si ushahidi wa aliyoyatenda mtu, au mkewe, juzi. Kuna pia kidonda kisichopona, kinachovuja damu, au uvimbe mgumu chini ya govi. Huo huenda ukawa saratani, na hapo mganga hukata kipande kidogo na kukipeleka maabara kabla ya kuamua lolote.

Sasa tuje kwenye vitenzi, kwa maoni yangu sehemu yenye utajiri mkubwa zaidi. Chunjua huondolewa kwa njia kadhaa. Hupakwa dawa inayoliangamiza pole pole, au hugandishwa kwa naitrojeni kimiminika, ambayo huchemka kwenye nyuzi 196 za Selsiasi chini ya sufuri, na mara nyingi kazi hiyo hurudiwa baada ya wiki moja au mbili. Huweza pia kuchomwa kwa umeme au leza, ama kukatwa kwa mkasi au kisu baada ya ngozi kutiwa ganzi. Vitenzi hivi vyote vinatisha vikitamkwa peke yake. Lakini kinachotisha zaidi ni kiambishi.

Daktari akimwambia mgonjwa, "Utakatwa leo," kiambishi u- kina tafsiri mbili. Ya kwanza ni nafsi ya pili umoja: wewe utakatwa. Ya pili ni upatanisho wa ngeli ya U: uume utakatwa. Zote mbili ni sahihi kisarufi, na zote mbili si kweli, kwa kuwa kinachokatwa ni chunjua. Kauli iliyostahili ni "Litakatwa chunjua hili," au "Kitakatwa kinundu hiki." Kwa silabi moja tu, li- au ki- badala ya u-, hofu inahamishwa kutoka kwa mtu na kiungo chake hadi kwenye kile kisichotakiwa. Ni dhahiri kwamba mwanamume aliyeelewa tafsiri ya pili anaweza asirudi kesho. Nami sioni ni kwa nini upatanisho wa kisarufi, ambao tunaufunza kwa sentensi za viti na mikeka, usifunzwe kwa sentensi kama hizi.

Huenda mhadhiri mmoja akapinga kwamba jamii haitavumilia uwazi huo. Hata hivyo, baada ya Kenya kuanzisha mpango wa tohara ya hiari mwaka 2008, neno tohara, lililokuwa la jando na la dini, liliingia katika lugha ya afya ya umma. Adabu haikuanguka.

Tafsida ya mwisho humsubiri mgonjwa mlangoni. Huambiwa aoshe kidonda kwa maji safi, akikaushe, na "asikutane na mkewe" hadi kipone. Kukutana! Mtu anayelala nyumba moja na mkewe atalielewaje agizo hilo? Atahama? Kufanya ngono ni neno la kawaida katika mabango ya afya na linatosha. Tena aelezwe kwa uwazi uo huo kwamba kuondoa chunjua si kuondoa virusi, na kwamba chunjua huweza kuota tena, hasa katika miezi mitatu ya mwanzo. Likiota, arudi, na safari hii aseme ni kwenye shina la uume, ni machunjua mawili, yameota wiki iliyopita.