SOMO LA MWEZI: MGUU NA BEGA

Mafungu ya kusoma: Matendo 3:1-10, Luka 15:3-7, Wagalatia 6:2-5



Luka alikuwa tabibu (Wakolosai 4:14). Basi anapotaja viungo vya mwili, inafaa tusome polepole. Mwezi huu tuangalie miguu ya yule kiwete mlangoni pa hekalu, na mabega ya mchungaji aliyebeba kondoo.

1. MGUU UMEUMBWA KUBEBA
Mfupa wa paja ni mrefu kuliko mifupa yote ya mwili. Kichwa chake kimezama katika nyonga kama mchi ndani ya kinu, ndiyo maana hautoki kwa urahisi. Chini ya goti kuna mifupa miwili, mmoja mnene na mwenzake mwembamba. Halafu wayo mmoja una mifupa 26, imefungwa pamoja kwa kano na kupangwa kama tao, ili uzito ugawanyike kati ya kisigino na sehemu ya mbele. Hakuna mfupa hata mmoja unaobeba peke yake.

Sasa angalia Matendo 3:7. Luka hasemi tu kwamba mtu alipona. Anataja nyayo na vifundo kutiwa nguvu. Mtu huyu alizaliwa kiwete, na umri wake ulipita miaka 40 (Matendo 4:22). Misuli isiyotumika hunyauka, na mtoto huchukua karibu mwaka mzima kabla ya kutembea. Yeye aliruka papo hapo. Huo ndio muujiza.

2. BEGA LIMEUMBWA KUZUNGUKA
Hapa hakuna kinu. Kichwa cha mfupa wa mkono kimekaa kama chungwa juu ya kisahani. Kwa hiyo tunaweza kulima, kutwanga, na kuinua mikono kumsifu Mungu. Lakini uhuru huo una gharama yake: bega huteguka kuliko kiungo kingine chochote kikubwa. Linashikwa hasa na kano pamoja na misuli minne midogo, ambayo hakuna mtu anayeiona wala kuisifu. Soma 1 Wakorintho 12:22.

3. KOSA LETU
Mwaka jana mama mmoja alianguka na ndoo ya maji, bega likatoka. Sisi tuliomba, na huku tukawaruhusu vijana wamvute mkono. Baadaye zahanati ililirudisha bega mahali pake, lakini mkono ulikaa na ganzi kwa majuma mengi, maana karibu na bega hupita mishipa ya fahamu. Tumemwomba msamaha. Tangu leo tukumbuke: bega likitoka, usilivute. Funga mkono kwa kitenge shingoni, umpeleke mgonjwa kwa mganga, ukimwombea njiani. Kifundo kikiteguka hata mtu hawezi kupiga hatua nne, naye apelekwe. Kuomba na kutibiwa havigombani. Luka alikuwa mhubiri na tabibu.

4. MZIGO WA NANI?
Mchungaji wa Luka 15 hakumburuta kondoo. Alimweka juu ya mabega yake, yote mawili, tena kwa furaha. Je, sisi? Katika kanisa letu wakina mama wale wale huchota maji ya ibada, hubeba kuni za msiba, na jioni hurudi wakisaga meno kwa maumivu ya bega. Wanaume tunakaa kwenye benchi tukingoja chai. Wapendwa, mwili wa namna hiyo unachechemea. Tao likikosa mfupa mmoja, mingine huumia.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Ni nani katika seli yenu anayebeba zaidi ya wenzake?
2. Wagalatia 6:2 na 6:5 zinapatanaje?
3. Jumapili ijayo, ni nani atakayechota maji?

Bwana atutie nguvu nyayo na mabega. Amina.