Asomaye Asiyeandika

Ndugu zetu, wamo katika miji yetu wake kwa waume waliokhitimu chuoni na wasomao kwa ufasihi. Lakini mmoja wao akitaka kuandika deni lake au wasia wake, hana budi kumwita jirani. Siri ya nyumba yake imo mkononi mwa mwengine, naye hujiona mnyonge mbele ya watu. Lawama ni yetu sisi waalimu na wazee: tulimpa kusoma, tukamnyima kalamu.

Jambo hili ni la kale. Sayyida Salme binti Said bin Sultan, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, alifundishwa kusoma Kurani. Kuandika hakufundishwa, kwani halikuhisabiwa kuwa jambo la wasichana. Akachukua mfupa wa bega la ngamia, akaweka Msahafu mbele yake, akazinakili herufi kwa siri mpaka mkono ukazoea. Baadaye, akiwa mjane Ujerumani, aliandika khabari za maisha yake ili wanawe wajue alikotoka, zikapigwa chapa mwaka 1886. Hatumsifu kwa kila alilolitenda, kwani aliiacha dini ya wazee wake. Lakini maisha yake aliyaeleza mwenyewe, hakuelezewa na mtu.

Huenda mtu akasema: "Msichana akijua kuandika, atawaandikia wanaume barua." Jawabu ni kuwa ulimi nao husengenya, wala hatuukati, twaufunza adabu. Na Bibi Shifaa binti Abdillahi alimfunza kuandika Bibi Hafsa, mkewe Mtume (s.a.w.), naye Mtume akalijua wala hakulikataza.

Basi njia ni nyepesi. Nunua daftari. Kila usiku baada ya Isha andika mistari mitatu: ulilolifanya leo, ulichotumia au kukopa, na jambo moja ambalo jana hukulijua. Ajuaye herufi za Kiarabu tu, na aandike Kiswahili chake kwa herufi hizo, kama walivyoandika wazee wetu wa Lamu na Mombasa. Usiogope makosa, kwani daftari halicheki mtu. Wala usiandike aibu ya mwenzio, wala dhambi aliyokusitiria Mola wako. Mwisho wa mwezi rudi ukurasa wa kwanza, utaona mkono ulivyonyooka na siku zako zilivyokwenda.

Nawe baba mwenye binti, usingoje ajifunze kwa kujificha. Mpe kalamu leo, ukae naye.

Wabillahi tawfiq.