Elimu kwa Mwananchi: Akaunti Moja, Milango Mingi

Namba ya Kitambulisho cha Taifa inayotolewa na NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa kwa mwenyewe. Jambo hilo pekee latosha kuonyesha kwamba namba hiyo si siri. Humtaja mtu, haithibitishi kwamba anayeitaja ndiye mwenyewe.

Tofauti hiyo yapasa kueleweka pale huduma kadhaa zinapofunguliwa kwa akaunti moja. Mwombaji huhakikiwa mara moja, kisha mfumo uliomhakiki humdhamini kwa mifumo mingine, ambayo haimwulizi tena. Mifumo hiyo haimwoni mtu, huuona udhamini tu. Kwa hiyo mlango wa kwanza ukiwa dhaifu, yote iliyo nyuma yake ni dhaifu.

Nenosiri huthibitisha kwamba mtu anajua jambo fulani, na kijuliwacho huweza kuambiwa mwingine. Wengi wetu hufunguliwa akaunti steshenari, na si ajabu nenosiri likabaki katika daftari la mhudumu. Hakuna ubaya kusaidiwa, lakini nenosiri yafaa mwenyewe alibadilishe kabla ya kuondoka dukani.

Namba ya mara moja itumwayo kwa ujumbe mfupi ni madhubuti zaidi, ila huthibitisha umiliki wa laini, si wa mtu. Tangu tarehe 1 Mei 2019 laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA; hata hivyo, anayetumia laini iliyosajiliwa kwa jina la shemeji amemkabidhi shemeji huyo ufunguo wake.

Alama za vidole haziwezi kuambiwa mtu. Lakini mikono ya jembe na ya kuchuma kahawa huchakaa, na wazee wengi huweka kidole mara tatu, nne, mashine isikitambue. Si kosa lao. Mfumo wa haki huwawekea njia ya pili, ambayo mara nyingi ni ile ile namba ya ujumbe mfupi. Basi uimara wa kidole huishia kuwa uimara wa laini.

Kwa sababu hiyo laini ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoitambua, nenda kwa mtoa huduma wa mtandao husika ukiwa na kitambulisho, uombe ifutwe. Ujumbe wa kitapeli utumwe kwenda 15040.