Kuchagua Rafadha ya Injini ya Kupachika

Mvuvi aliyevunja rafadha ya injini yake juu ya mwamba huwa na haraka ya kurudi baharini. Huenda dukani, huuliza iliyopo, hutazama kama inaingia katika mhimili, hulipa na kuondoka. Lakini kuingia katika mhimili ni sharti la kwanza tu. Rafadha isiyolingana na chombo yaweza kumaliza mafuta bure, kuua injini kabla ya wakati wake, na hata kuwaacha watu wakielea mbali na pwani wakati wa kusi. Makala haya yanaeleza namna ya kuichagua kwa kipimo badala ya kubahatisha.

Kwamba rafadha kubwa si lazima iwe bora, ni jambo lililoonekana tangu mwanzo. Mwaka 1837 Mwingereza Francis Pettit Smith alikuwa akijaribu mashua yake katika mfereji mjini London. Rafadha yake ilikuwa ya mbao, yenye umbo la parafujo ndefu. Kipande chake kilipovunjika, mashua haikupunguza mwendo, bali iliuongeza.

1. Namba mbili

Juu ya rafadha nyingi zimegongwa namba mbili, kwa mfano 9¼ × 9, zote kwa inchi. Ya kwanza ni kipenyo, yaani upana wa duara linalochorwa na ncha za mapanga yake. Ya pili tutaiita hatua: ni umbali ambao rafadha ingesogea mbele katika mzunguko mmoja kama ingekuwa inapita ndani ya kitu kigumu, mfano wa parafujo ndani ya ubao.

Maji si ubao; kwa hiyo sehemu ya hatua hupotea. Upotevu huo tuuite mtelezo. Tuseme injini inazunguka mara 5,200 kwa dakika, na gia zake hupunguza mizunguko kwa nusu. Rafadha basi huzunguka mara 2,600. Hatua ya inchi 9 ni karibu sentimeta 23, nayo ingetoa mwendo wa takriban kilometa 36 kwa saa. Chombo kizito kikienda kilometa 24 tu, mtelezo ni thuluthi moja. Mtelezo ukizidi ghafla, sababu huwa ni mapanga yaliyopinda, injini iliyofungwa juu mno ikavuta hewa, au chini ya chombo palipoota magugu na chaza.

2. Rafadha ni gia ya chombo

Lori lenye shehena likipanda Kitonga hutumia gia ndogo. Dereva akishikilia gia kubwa, injini hulemewa, hutetemeka na kupata moto. Hatua ndefu ni gia kubwa: hufaa chombo chepesi. Hatua fupi ni gia ndogo: hufaa chombo kilichobeba nyavu, barafu na samaki. Wengi huchagua hatua ndefu kwa tamaa ya mwendo, wasijue kwamba injini iliyolemewa haiutoi mwendo huo, bali hula mafuta mengi, hujaza masizi na kuharibu pistoni.

3. Kipimo cha kuamulia

Kitabu cha injini hutaja mizunguko inayotakiwa mafuta yakifunguliwa mpaka mwisho. Kwa injini nyingi ndogo ni baina ya 5,000 na 6,000 kwa dakika. Pakia chombo mzigo wake wa kawaida, nenda penye maji matulivu, fungua mafuta mpaka mwisho, kisha soma kipima mizunguko. Injini isiyo nacho yaweza kupimwa na fundi kwa kile kinachozungushiwa waya wa plagi.

Kila inchi moja ya hatua hubadili takriban mizunguko 200. Ikiwa rafadha ya hatua 11 imetoa mizunguko 4,800, na tunataka 5,200, tofauti ni 400. Basi tupunguze inchi 2, tununue ya hatua 9. Baadaye tupime tena chombo kikiwa kitupu, tuhakikishe kwamba hakipiti 6,000, kwani kuzidisha mizunguko nako huumiza injini. Kipenyo yafaa kibaki karibu na kile kilichowekwa na mtengenezaji.

4. Madini, mpira na pini

Rafadha ya alumini ni nafuu, na ikigonga mwamba hupinda au kuvunjika yenyewe. Ya chuma kisichoshika kutu ni imara na ghali zaidi, lakini yaweza kuupeleka mshindo wa mwamba kwenye gia. Penye miamba mingi, alumini ni chaguo la busara.

Rafadha nyingi zina mpira ndani ya kitovu, unaoteleza zinapogonga ili kuziokoa gia. Mpira uliochakaa huifanya injini ipige kelele nyingi na chombo kisisogee. Ili kuuchunguza, chora mstari mmoja unaopita juu ya kitovu na juu ya bomba lake la ndani. Baada ya safari, mstari ukiwa umeachana, mpira umekwisha. Injini nyingine hutumia pini laini inayokatika. Usiweke msumari wa chuma kigumu mahali pake: utaokoa pini na kupoteza gia.

5. Wakati wa kufunga

Kwanza ondoa waya wa plagi, injini isije ikawaka mkononi mwako. Toa mshipi wowote uliojiviringisha nyuma ya rafadha, kwani hukata sili, maji yakaingia katika gia. Oili iliyogeuka nyeupe kama maziwa ndiyo dalili yake. Paka grisi mhimili, rudisha washa zote kwa mpangilio wake, kaza nati na kuifunga kwa pini yake. Rafadha ya zamani, ikiwa bado yazunguka sawasawa, usiitupe: ibebe chomboni pamoja na spana na pini za akiba.

Zoezi

Chombo chenye rafadha ya hatua 8 kimetoa mizunguko 6,200 kikiwa na mzigo wa kawaida, nacho chatakiwa kitoe 5,800. Mwenyewe anunue rafadha ya hatua gani, na kabla ya kununua achunguze nini?

Jibu: Tofauti ni 400, basi hatua 10. Lakini kwanza achunguze mpira wa kitovu, kwani huenda rafadha haina kosa lolote la kipimo.