MADA YA 5: KUJITOLEA KUWASAIDIA WATOTO KUSOMA

Baada ya kusoma mada hii utaweza kueleza maana ya kujitolea, kueleza kwa nini mtoto anahitaji mtu wa kumsikiliza akisoma, na kuendesha kipindi kifupi cha kusoma.

1. Maana
Kujitolea ni kutoa muda, nguvu au ujuzi kwa manufaa ya wengine bila kudai malipo. Kutolipwa hakuondoi wajibu. Ukimwambia mtoto, "Nitakuja Jumanne," umeweka ahadi.

2. Historia fupi
Mwaka 1970 ulitangazwa nchini kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Waliojua kusoma, wakiwemo wanafunzi, waliwafundisha wasiojua. Kwa takwimu za serikali, watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walipungua kutoka asilimia 67 mwaka 1967 hadi chini ya asilimia 10 mwaka 1986.

Miaka ya karibuni, shindano la kimataifa la XPRIZE lilijaribu kuwafundisha kusoma kwa vishikwambi watoto karibu 3,000 wa vijiji vya Mkoa wa Tanga. Mwanzoni, zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili, na asilimia 80 ilielezwa hawajawahi kusomewa nyumbani. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza ilipungua kwa nusu. Hayo ni mafanikio makubwa, lakini nusu nyingine bado walihitaji msaada.

3. Nafasi yako
Tuchukue mfano wa Handeni na Korogwe. Mtoto anayezungumza Kizigua au Kisambaa nyumbani hujifunza darasa la kwanza herufi na maneno mapya ya Kiswahili kwa pamoja. Darasa likiwa na watoto wengi, mwalimu hapati nafasi ya kumsikiliza kila mmoja. Asiyejua hujificha ndani ya sauti ya wenzake wanaosoma kwa pamoja, na anaweza kufika darasa la nne hajagundulika. Wewe unaweza kumsikiliza mmoja mmoja. Ukimaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba, unayo miezi kadhaa kabla ya kuendelea na masomo.

4. Hatua za kufuata
(a) Omba ruhusa kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi na kwa mzazi. Fundishia mahali pa wazi, mtu mzima akiwepo.
(b) Pima kwanza. Mtoto akisoma "Mama anapika ugali" bila kukwama, mwonyeshe neno "ugali" peke yake, kisha andika "Gari la mama." Akishindwa, ujue alikariri.
(c) Fundisha sauti, kisha silabi: m na a ni "ma", ma-ma, me-za, ki-bo-ko. Silabi kama mba, nda na nya zije baadaye. Mwonyeshe pia tofauti ya "ngoma" na "ng'ombe."
(d) Akikwama, subiri. Usimnyang'anye neno, wala usimcheke.
(e) Maliza kwa swali: "Nani anapika?" Kusoma bila kuelewa hakujakamilika.

Dakika 20, mara tatu kwa wiki, zinatosha. Ukishindwa kufika, toa taarifa mapema. Mtoto aliyezoea kukusubiri akikukosa bila taarifa, anaweza kudhani amekuchosha.

Angalizo kwa mtahiniwa
Ukiulizwa faida za kujitolea, usiishie kuandika "husaidia jamii." Taja nani anasaidiwa, kwa njia gani, na anapata nini.

Zoezi
1. Eleza maana ya kujitolea.
2. Kwa nini kusoma kwa pamoja darasani kunaweza kuficha tatizo la mtoto?
3. Asha wa darasa la pili anasoma ukurasa mzima huku akitazama dirishani. Utafanya nini? Toa sababu.
4. Jadili: "Kifaa kinaweza kufundisha herufi, lakini mtoto bado anahitaji mtu."